Mti Hausahau Panga

(Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa mkulima mmoja wa kahawa mbele ya wanachama wa tawi lake na majirani zao, katika mazungumzo ya elimu ya kazi. Tumeyaandika kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Mimi si msomi wa chuo. Ni mkulima wa kahawa kama ninyi, mwenye kihamba cha kurithi huku mlimani. Nilipoambiwa nije nizungumze habari ya kupogoa miti, jirani yangu mmoja alicheka, akaniuliza: "Hivi kuna mtu mzima hapa kwetu asiyejua kukata tawi?" Nikamjibu ya kwamba kukata sote twajua. Tusichokijua ni kile unachokifanya mti baada ya sisi kufuta panga na kwenda zetu. (Kicheko.) Basi habari yangu ya leo ni hiyo, wala sina nyingine.

Pengine yupo anayejiuliza: je, mkutano wa chama ni mahali pa kusema habari za matawi? Mimi naona ndipo mahali pake. Karo za watoto wetu, bati la nyumba zetu, dawa ya mgonjwa, mengi ya hayo yametoka juu ya miti. Bei ya kahawa ikishuka twaweza kuwalaumu wanunuzi, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini mbuni ukifa kwa sababu ya panga langu mwenyewe, nitamshitaki nani?

Kwa hiyo nitaanza kwa kujishitaki mimi.

MPARACHICHI WA MAMA

Nyumbani kwetu, nyuma ya jiko, palikuwa na mparachichi mkubwa uliopandwa na mama. Mwaka mmoja matawi yake yalianza kulalia bati. Mama akaniomba nikate tawi moja tu, lile lililoelekea jikoni. Tawi lenyewe lilikuwa nene kama paja la mtu. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nikalipiga panga, kisha shoka, mpaka likashuka. Liliposhuka likachuna ganda la shina, likateremka nalo kiasi cha mkono mmoja kwenda chini. Nikaona haipendezi. Nikachukua msumeno, nikalisawazisha lile jeraha mpaka likawa sawasawa na shina, laini kama meza. Kisha nikalipaka oili chafu ya gari, maana nilikuwa nimesikia kwamba ndiyo dawa. Jeraha lilikuwa kubwa kama sinia, na watu wakanisifu kwa kazi safi.

Mwaka uliofuata ukingo wa jeraha ulianza kuota ganda jipya. Nikasema, unapona. Mwaka wa tano ganda lilikuwa limebakiza tundu la kuingia ngumi. Nikasema, umepona. Mwaka wa kumi na mbili, usiku wa mvua ya masika, mti ule ulikatika pale pale, ukaangukia banda la mbuzi. Mbuzi wawili walikufa. Kama ungalielekea upande wa pili, ungaliangukia chumba walimolala watoto.

Asubuhi tulipoutazama, ndani ya shina hapakuwa na kitu ila unga wa kahawia na mchwa. Lakini jambo lililonishangaza ni hili: lile pango lilikuwa duara, na upana wake ulikuwa ule ule wa shina siku ile nilipolikata tawi. Ubao wote ulioota baada ya siku ile ulikuwa mweupe, mzima, hauna doa. Ila ulikuwa mwembamba, haukuweza kubeba mti mzito kama ule katika upepo. Mti ulikuwa umeiandika tarehe ya kosa langu ndani ya mwili wake. Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, uliukata kama mtu anayekata kuni."

JERAHA LA MTI HALIPONI

Kwa miaka mingi sikuelewa maana ya kile nilichokiona. Baadaye Bwana Shamba mmoja alinieleza kazi ya mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyefariki mwaka 2006. Huyu alikuwa mtumishi wa idara ya misitu ya serikali ya nchi ile. Tangu mwaka 1959 alifanya kazi ya kupasua miti kwa msumeno wa mota, si kwa kukingama tu, bali kwa urefu, kutoka juu hadi chini, maelfu ya miti, ili aone majeraha ya zamani yamefanya nini ndani yake.

Akaona hivi. Mtu akijikata kidole, mwili huondoa nyama iliyokufa na kuweka nyama mpya mahali pale pale. Huko ndiko kupona. Mti hauna uwezo huo. Ubao uliojeruhiwa utabaki umejeruhiwa mpaka siku mti utakapoanguka. Badala ya kupona, mti hujenga kuta. Huziba njia za maji juu na chini ya jeraha. Huweka kizuizi kuelekea ndani, na kizuizi kuelekea pembeni. Mwisho, ule utando hai ulio chini ya ganda hujenga ukuta wa nne, imara kupita yote, kati ya ubao wa zamani na ubao mpya utakaoota baadaye. Uozo ukishinda kuta tatu za kwanza, waweza kuula ubao wote wa zamani. Ukuta wa nne ni nadra kuuvuka. Shigo na mwenzake Harold Marx walilichapisha jambo hili mwaka 1977, na leo ndilo msingi wa elimu ya kupogoa miti mahali pengi duniani.

Hapo ndipo nilipofahamu lile duara. Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba ganda jipya lililofunika jeraha la mparachichi halikuwa kupona. Lilikuwa pazia mbele ya mlango.

Fikirini nyumba ya vyumba vingi. Chumba kimoja kimeshika moto, na mwenye nyumba hana maji ya kuzima. Atafanya nini? Atafunga mlango wa chumba kile, atakandika ufa kwa udongo, kisha atajenga chumba kingine upande wa nje. Ndivyo ufanyavyo mti. Kila jeraha ni chumba kilichofungwa. Udongo wa kukandikia ni chakula cha akiba ambacho mti umekiweka ndani ya ubao wake ulio hai, na chumba kilichofungwa hakiwekwi akiba tena. Mti wenye vyumba vichache vilivyofungwa utaishi miaka mingi. Mti uliofungwa vyumba kila upande utakufa, hata kama majani yake leo ni ya kijani.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, mti hausahau panga. Sisi hutazama majani ya mwaka huu. Mti huhesabu majeraha ya maisha yake yote.

MAHALI PA KUKATA

Sasa kama ni hivyo, je, tusikate kabisa? Hapana. Mti wenyewe hudondosha matawi yake kila siku, wala haufi. Tawi la chini likikosa jua hukauka na kuanguka. Tazameni mahali lilipoangukia, mtaona mti umejiandaa. Mahali tawi linapotoka kwenye shina pana uvimbe kidogo, kama pete kwenye kidole. Na juu, katika kwapa la tawi, ganda limekunjamana kama mshono wa nguo. Ndani ya pete hiyo ndipo mti ulipoweka ulinzi wake wa kuzuia uozo usiingie shinani. Ukikata nje kidogo ya pete, umekata mahali ambapo mti wenyewe ungalikata. Jeraha huwa dogo, na mlango hufungwa haraka.

Ukikata ndani ya pete, sawasawa na shina, kama nilivyofanya mimi, hujakata tawi peke yake. Umekata shina pia, umeuondoa mlango pamoja na fremu yake. Na ukikata mbali, ukaacha kigingi, kigingi kile hufa na kuoza, na ganda haliwezi kukivuka ili lifunike. Uozo hukitumia kama daraja. Basi kuna makosa mawili, karibu mno na mbali mno, na baina yake kuna mahali pamoja penye haki.

Wala msidhani ni sisi wakulima tu tuliokosea. Kukata sawasawa na shina kulifundishwa Ulaya na Marekani kwa muda mrefu, na wenye vyeti, mpaka miaka ya 1980 mafundisho yalipoanza kugeuka. Kadhalika habari ya rangi na lami. Rangi za majeraha zilijaribiwa miaka mingi, na haikuonekana kwamba zinazuia uozo. Nyingine hufunika unyevu ndani na kuwapa vimelea nyumba. Hiyo oili chafu ya gari huua hata zile chembe hai za ukingoni ambazo ndizo zingalifunika jeraha. Acheni jeraha wazi, likauke kwa hewa.

Tawi zito lisikatwe mara moja. Kata mara tatu. Kwanza ingiza msumeno kwa chini, mbali kidogo na shina, mpaka kiasi cha theluthi ya unene. Pili kata kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi lidondoke bila kuchuna ganda. Tatu kata kile kigingi kilichobaki, nje ya pete. Kama ningalijua haya siku ile, lile ganda lisingalichunika.

Na lililo bora kuliko yote ni kukata mapema. Tawi la unene wa kidole gumba likikatwa, jeraha lake hufunikwa baada ya muda mfupi. Tawi la unene wa paja hufunikwa kwa miaka mingi, au halifunikwi kabisa. Chipukizi laini huhitaji vidole viwili tu, halihitaji hata kisu. Anayengoja mpaka achukue shoka amechelewa.

KUKATA KICHWA CHA MTI

Sasa nataka kusema habari ya kukata kichwa. Mmeiona mijini na katika viwanja vya shule: mkrismasi, mwarobaini au mwembe umekatwa matawi yote makubwa nusu kwa nusu, umesimama kama mtu aliyeinua mikono mitupu. Sababu zatajwa nyingi: nyaya za umeme, majani machafu, hofu ya upepo. Mwaka wa kwanza watu husema mti umependeza, maana umechipua majani mengi.

Lakini machipukizi hayo ni kilio cha njaa. Majani ndiyo jiko la mti. Ukiondoa majani yote kwa siku moja, umevunja jiko na kuacha wenyeji wote nyumbani. Mti hutumia akiba yake ya mwisho kuchipua haraka. Ganda lililozoea kivuli huchomwa na jua na kupasuka. Mizizi hukosa chakula, na mingine hufa kimyakimya ardhini. Vile vigingi vinene haviwezi kufunikwa, uozo huteremka ndani. Na yale machipukizi, ambayo hayakutoka ndani ya tawi bali yameshikana na ngozi ya juu tu, hunenepa na kuwa matawi mazito juu ya kichwa kinachooza. Baada ya miaka michache huvunjika. Basi yule aliyekata kwa hofu ya upepo ameutengeneza mti ambao upepo utauangusha.

Kipimo kinachofundishwa na wengi ni kwamba usiondoe zaidi ya robo ya majani yote ya mti kwa mara moja, na kwa mti mzee iwe pungufu ya hapo. Tawi lililokufa halimo katika hesabu hiyo, hilo waweza kuliondoa wakati wowote.

Miti nayo haifanani tabia. Mjohoro au lusina waweza kukatwa kisiki na ukachipua tena. Mpaini ukikatwa chini ya matawi yake ya kijani hauchipui tena, umekufa. Mwenye panga sharti aujue mti kwa jina na tabia kabla hajaupanda.

Na hapa kuna jambo la fedha. Wengi wetu humwita kijana akate mti, na malipo yake ni kuni atakazopata. Twaona tumepata kazi bure. Lakini tazameni: ukimlipa mkataji kwa kuni, umemwambia akate kwa wingi. Tawi dogo lenye ugonjwa halimfai, ataliacha. Tawi nene lenye afya ndilo mshahara wake. Kijana yule hana kosa, kosa ni la mapatano. Mlipeni kwa siku au kwa mti, na kuni ziwe zenu. (Makofi.)

KAHAWA YETU

Nakuja sasa kwenye mibuni, maana najua ndiyo mliyoijia.

Mbuni wa arabika huzaa juu ya ubao ulioota msimu uliopita. Jicho la tawi likishazaa, kwa kawaida halizai tena. Kila mwaka mazao husogea mbele kuelekea ncha. Mbuni ukiachwa bila kupogolewa, baada ya miaka kadhaa huwa mrefu, mitupu chini, na majani yamebaki juu kama mwavuli. Wachumaji huyavuta matawi kwa kulabu na kuyavunja. Ndani ya majani yaliyosongamana huwa giza na unyevu usiokauka upesi, na hali hiyo hupendwa na chulebuni na kutu ya majani. Dawa unayoipulizia haifiki ndani. Umenunua dawa kwa bei ghali, umenyunyizia mwavuli.

Jambo la pili si wote wanaolijua. Mbuni hauna busara ya kukataa matunda. Mwaka wa maua mengi hubeba matunda kuliko majani yawezayo kuyalisha. Hapo hula akiba yake. Ncha za matawi hukauka, mizizi midogo hufa, na mwaka unaofuata hauna kitu. Kupogoa ndiko kunakoweka mizani kati ya matunda na majani. Kwa hiyo kwenye kahawa, kutokukata ni jeraha kama kukata vibaya.

Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya migawo ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na wengi wetu tuliiacha mibuni bila kuigusa. Mimi nilikuwa mmojawapo. Bei ilipofufuka kidogo, nikapata haraka. Nikakata mibuni yote ya upande mmoja wa kihamba karibu na ardhi, kwa panga, wakati wa kiangazi kikali. Visiki vikapasuka. Mingine haikuchipua kabisa. Mingine ilichipua, ikasimama mwaka mmoja, kisha ikanyauka. Ile ilikuwa mibuni aliyoipanda baba yangu.

Makosa yangu yalikuwa manne, na njia ya kuyaepuka ni ile inayojulikana kwa wataalamu wa kahawa, tangu utafiti ulipoanza hapa kwetu Lyamungu mwaka 1934 mpaka sasa ambapo ndipo makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Kosa la kwanza, nilikata mashina yote ya mbuni kwa siku moja. Yafaa kuacha shina moja lenye majani, shina la kupumulia, lilishe mizizi mpaka machipukizi mapya yashike, ndipo nalo likatwe. La pili, nilikata kwa panga. Yafaa msumeno mkali, kiasi cha sentimita 30 juu ya ardhi, na mkato uwe mshazari ili maji ya mvua yateleze yasikae. La tatu, wakati. Yafaa baada ya mavuno, mvua ikiwa karibu, ili mti upate nguvu ya kuchipua. La nne, nilikata shamba zima la upande ule. Yafaa kugawa kihamba mafungu, mwaka huu fungu moja, mwaka ujao fungu jingine, ili nyumba isikose mazao na mkono usikose muda wa kufanya kazi vizuri.

Machipukizi yakitoka, yaacheni mengi kwanza, kisha chagueni mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoachana, na mengine myaondoe kwa mkono yakiwa laini. Baada ya hapo kila mara mpite mkiondoa maotea. Kazi hiyo ni nyepesi, mtoto aweza kuifanya akitoka shule. Asiyeifanya ataifanya kwa msumeno baada ya miaka mitatu.

UGONJWA HUPITIA MLANGONI

Kila mkato ni mlango wazi kwa siku kadhaa, na panga letu laweza kuwa gari la ugonjwa. Miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulienea Uganda katika mibuni ya robusta, ukafika na Kagera. Kuvu wake huingia kwenye majeraha, na zana zilizotoka mbuni mgonjwa kwenda mbuni mzima zilisaidia kumsafirisha. Mtu alidhani anapogoa, kumbe anapanda mauti. Basi anzeni na mibuni mizima, mwisheni na migonjwa, na mkitoka kwenye mgonjwa pitisheni panga kwenye moto au mlifute kwa spiriti.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalo somo kama hilo katika mikarafuu. Pale jeraha kubwa halikuja kwa kupogoa, lilikuja kwa kuchuma. Mchumaji mwenye haraka hulivuta tawi mpaka likavunjika. Wataalamu waliochunguza mikarafuu miaka ya 1950 waliona kuvu aitwaye Cryptosporella eugeniae akiingia kwenye majeraha ya namna hiyo na kuyakausha matawi. Mkarafuu waweza kuishi zaidi ya umri wa aliyeupanda, na karafuu zilizopatikana kwa kuvunja tawi zimelipwa kwa karafuu za miaka mingi ijayo. Kuvunja ni kukata kubaya kuliko kote, kwa maana hakuna aliyechagua mahali.

MKATO NI AHADI

Nina mfano mmoja wa mwisho, nao watoka mbali, Uingereza. Nautaja kwa sababu twaweza kuyaona ndani yake matokeo ya zaidi ya miaka 100, na mtu mmoja haishi kuyaona hayo.

Kaskazini mashariki ya London upo msitu wa Epping. Kwa karne nyingi wanakijiji wa huko walikuwa na haki ya kukata matawi kwa ajili ya kuni wakati wa baridi. Walikata juu, pasipofikiwa na ng'ombe, na baada ya miaka kadhaa walirudi kukata pale pale, juu ya vichwa vile vile. Mnaona tofauti na kukata kichwa niliyoisema? Mti ulianza kukatwa ungali mdogo, majeraha yakiwa madogo, na kila mara mahali pale pale. Mti ukazoea, ukajenga ulinzi wake katika vichwa hivyo, ukaishi karne na karne.

Katika miaka ya 1860 mwenye ardhi katika kijiji cha Loughton akauzungushia msitu ua. Mzee mmoja mfanya kazi, Thomas Willingale, akaendelea kukata kuni kama baba zake walivyofanya, na watu wa jamaa yake wakafungwa mwaka 1866. Ugomvi ukawa mkubwa, ukafika mahakamani na Bungeni. Sheria ya mwaka 1878 iliuokoa msitu, ukawa wazi kwa watu wote. Lakini sheria hiyo hiyo ilikomesha ukataji wa matawi, na wanakijiji wakafidiwa, wakajengewa na ukumbi mwaka 1884.

Basi watu waliupata msitu, bali miti iliukosa mkono ulioizoea. Matawi yaliyokuwa yakikatwa kila baada ya miaka michache yakaachwa kukua zaidi ya miaka 100 juu ya vichwa vya kale vyenye mapango. Yakawa magogo mazito. Mingi ikapasuka na kuanguka, na kivuli kikaua mimea ya chini. Watunzaji walipotaka kurudia desturi ya zamani waliona tena jambo tunalolijua sasa: mti mzee ukinyang'anywa matawi yote kwa siku moja waweza kufa. Ilibidi kupunguza kidogo kidogo, kwa miaka mingi.

Somo lake kwetu ni hili. Mkato wa kwanza ni ahadi. Ukiuanza mti kwa desturi fulani, umeahidi kurudi. Mbuni uliopogolewa miaka mitano kisha ukaachwa miaka kumi umedanganywa mara mbili.

NINALOWAOMBA

Bwana Mwenyekiti, nisiwachoshe. Msimu wa kupogoa umekaribia, nami naliomba tawi letu mambo matatu.

Kwanza, tununue kwa pamoja misumeno na makasi ya kupogolea, viwe mali ya tawi, na viwe na mtu wa kuvinoa na kuvisafisha. Msumeno mmoja kwa nyumba kumi si gharama ya kutushinda.

Pili, vijana sita wapelekwe kujifunza kwa Bwana Shamba, kisha wapite vihambani wakifanya kazi kwa malipo ya haki ya fedha, si ya kuni. Na akina mama wawemo katika hao sita, maana kazi nyingi ya kahawa imo mikononi mwao, lakini siku ya mafunzo huitwa wanaume. (Makofi ya akina mama.)

Tatu, kila mmoja wetu aende kesho asubuhi kwenye mti mmoja wa kwake, autazame kabla ya kuugusa. Atafute ile pete. Atafute majeraha ya zamani, ajiulize ni nani aliyeyatia na lini. Wengi wetu tutakuta mikono ya baba zetu, na yetu wenyewe.

Pale palipokuwa na mparachichi wa mama nimepanda mwingine. Mwaka jana ulitoa tawi lililoelekea bati. Lilikuwa na unene wa penseli. Nikalikata kwa makasi, nje ya pete, mama akiwa ameketi mlangoni ananitazama. Mwaka huu nimelitafuta kovu lake, sikuliona kwa urahisi.